Wape uamuzi, usiwape mada: jibu kwa msimamizi wa wanafunzi wa uzamivu

SWALI: Profesa, shikamoo. Ni mhadhiri wa uhandisi wa maji, na kwa mara ya kwanza nasimamia wanafunzi watatu wa uzamivu. Mamlaka ya maji ya mji wetu imetuomba msaada: wakulima wanachukua maji yanayotoka kwenye mabwawa ya majitaka na kumwagilia mpunga na mboga, na hakuna anayeweza kusema kama waruhusiwe au wazuiwe. Wanafunzi wangu wanapendelea kufanya majaribio maabara kwa majitaka ya kutengeneza, kwa sababu matokeo hutoka upesi na makala huchapishwa. Mimi ningependa wafundishwe na tatizo lenyewe. Nifanyeje bila kuwachelewesha kuhitimu?

JIBU: Marahaba, Daktari. Barua yako imenipa moyo, hasa kwa kuwa mamlaka ndiyo iliyobisha hodi kwenu. Mara nyingi huwa kinyume: chuo ndicho huenda na hojaji kwa watu ambao hawakuuliza kitu.

Nakushauri usimpe mwanafunzi mada. Mpe uamuzi ambao kuna mtu lazima aufanye. "Ufanisi wa mabwawa katika kuondoa vimelea" ni mada. Mwanafunzi anaweza kuizunguka miaka mitano na asijue kama amefika. "Je, meneja wa mamlaka awaruhusu wakulima wa upande wa chini kumwagilia mpunga kuanzia msimu ujao, na kwa masharti gani?" ni uamuzi. Una mwenyewe, una tarehe, na una hasara ukikosewa. Mwanafunzi akishamjua atakayetumia jibu lake, ataweza kujipangia apime nini, mara ngapi, na kwa usahihi wa kiasi gani. Kwangu mimi huo ndio uzamivu: kujua ni kipi lazima kijulikane kabla mtu hajatenda, na kukitafuta kwa njia ambayo mtaalamu mwingine hataweza kuibomoa.

Nichukue Moshi, kwa sababu hali yake inafanana na uliyoieleza. Mabwawa ya majitaka ya mji yako Mabogini, na maji yanayotoka humo yamekuwa yakimwagilia mpunga. Watafiti wa Taasisi ya Nelson Mandela ya Arusha wameyachunguza maji hayo na matumizi yake mashambani. Mgeni huuliza kwanza kwa nini wakulima wafanye hivyo, na jibu liko upande wa juu wa mfereji, maji yanakotoka. Skimu ya umwagiliaji ya Lower Moshi, iliyojengwa kwa msaada wa Japani miaka ya 1980, iliwafundisha watu faida ya mpunga wa umwagiliaji. Wakulima wa juu nao wakapanda mpunga, wakafungua mifereji yao, na walio chini wakabaki na maji yasiyotosha. Maji ya mabwawani hayafuati kiangazi, kwa kuwa mji hauachi kuoga na kufua. Tena yanakuja na naitrojeni na fosforasi ambazo mkulima angezinunua dukani kwenye mfuko wa mbolea. Mkulima huyo anajua anachofanya. Mwanafunzi asiyeanza kwa kulielewa hilo ataishia kuandika mapendekezo kwamba "wakulima waelimishwe", wakati mwenye elimu ya kupata ni yeye.

Sasa maabara. Siikatai. Majitaka ya kutengeneza, yaani glukosi, chumvi za amonia na fosfeti ndani ya maji ya bomba, yana kazi yake pale unapotaka kutenga sababu moja na kuiona peke yake. Lakini hayana mayai ya minyoo, hayana mafuta ya kupikia, hayana dawa zilizotoka hospitalini, wala hayabadiliki mvua ya masika inapoingia kwenye mabomba. Mwanafunzi aliyefunzwa kwa maji hayo pekee atapata digrii akiwa hajawahi kukutana na kitu anachodai kukijua. Kwa hiyo mimi hubadilisha mpangilio: bwawa kwanza, maabara baadaye, na kila jaribio la maabara lijibu swali lililozaliwa bwawani.

Kazi ya kwanza kabisa, hata kabla ya kuandika pendekezo la utafiti, iwe ni kukesha bwawani. Mwanafunzi apime joto, pH (kipimo cha uasidi wa maji) na oksijeni iliyoyeyuka kila saa, mchana na usiku, kwa mzunguko mzima. Ataona mwani unavyoongoza kila kitu. Jua likiwaka, mwani hutumia kaboni dayoksidi iliyomo majini, na ifikapo saa nane au tisa alasiri pH huweza kupita 9 huku oksijeni ikipanda sana. Mwanga, pH hiyo na oksijeni hiyo kwa pamoja huua bakteria wa kinyesi. Usiku mwani wenyewe hupumua, oksijeni huporomoka na pH hushuka. Maana yake ni kwamba sampuli ya saa mbili asubuhi na sampuli ya alasiri zinaweza kusimulia mabwawa mawili tofauti. Na kwa kuwa watafiti wengi huchukua sampuli asubuhi, ili gari lirudi chuoni mapema na deli la barafu lifike maabara kabla ya bakteria kubadilika, takwimu zetu nyingi ni takwimu za asubuhi. Mkulima anafungulia maji saa ngapi? Hilo ndilo swali, na mwanafunzi aliyekesha ataliuliza bila kuambiwa.

Kazi ya pili ni hesabu, na hapa nitakaa kidogo. Wanafunzi wote wa fani yetu hufundishwa kanuni ya mhandisi aitwaye Marais: bakteria wanaotoka ni sawa na wanaoingia, ukigawanya kwa moja kuongeza zao la kasi ya kufa na muda wa maji kukaa bwawani. Kasi hiyo ni 2.6 kwa siku kwenye nyuzi 20 za Selsiasi, na huzidishwa kwa 1.19 kwa kila nyuzi inayoongezeka. Kwenye nyuzi 25 inakuwa kama 6.2. Tuseme kuna mabwawa matatu mfululizo, na mchoro wa mhandisi unasema maji hukaa siku 5 katika kila moja. Kila bwawa litagawanya bakteria kwa 32. Matatu kwa pamoja kwa karibu 32,800. Majitaka yakiingia na E. coli, bakteria wa kinyesi, milioni 10 kwa kila mililita 100, yatatoka na kama 305. Hiyo iko chini ya kile kikomo cha bakteria 1,000 wa kinyesi ambacho Shirika la Afya Duniani lilikiweka mwaka 1989 kwa mazao yanayoliwa mabichi, na ripoti ya mradi itaandikwa kwa furaha.

Halafu mwanafunzi anapanda mtumbwi, au boya lolote la kuaminika, akiwa na mti mrefu uliozungushiwa taulo jeupe. Anauzamisha wima hadi chini, anautoa polepole, na tope lililonata kwenye taulo linamwonyesha kina cha mashapo. Afanye hivyo kwa mistari, bwawa zima. Kisha amwage kifuatilizi, yaani kitu cha kufuatilia mwendo wa maji, kama rangi ya rodamini au chumvi ya lithiamu, kwenye maji yanayoingia, na apime kinavyotoka upande wa pili. Bwawa ambalo halijatolewa tope kwa miaka mingi huwa limepungua kina, na maji huchagua njia ya mkato kutoka mlango hadi mlango. Tuseme muda halisi ni siku 2, si 5. Rudia hesabu ileile: kila bwawa sasa linagawanya kwa 13.4, matatu kwa kama 2,400, na E. coli wanaotoka ni kama 4,150. Kanuni ni ileile, na joto halikubadilika. Kilichobadilika ni tope, ambalo halimo kwenye mchoro.

Mwanafunzi wa kawaida atasimama hapo na kuandika kwamba maji hayafai. Mfundishe asisimame, kwa sababu mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2006 uliacha kutegemea kikomo kimoja kwa kila hali. Kwa umwagiliaji wa mazao yasiyoliwa mabichi, palipo na kazi nyingi ya mikono, mwongozo huo unakubali hadi E. coli 10,000 kwa mililita 100, pamoja na sharti la yai la minyoo lisilozidi moja kwa lita. Basi maji yetu ya 4,150 yanaweza kukubalika kwa mpunga, ambao hukobolewa na kupikwa, na yasikubalike, bila vizuizi vingine, kwa nyanya, giligilani na pilipili hoho za kachumbari. Mamlaka iliuliza kama wakulima waruhusiwe au wazuiwe, na jibu linaanza kuwa: mkulima gani, wa zao gani, na mayai ya minyoo ni mangapi? Hili la mayai usiliache lipite. Bakteria hufa kwa jua. Yai la mchango hukaa udongoni miezi mingi, hata zaidi ya mwaka. Kulihesabu kwa darubini ni kazi ya mikono, macho na subira, na kuna wanafunzi wengi wa uhandisi ambao hawajawahi kuifanya. Wafanye. Ndani ya jaruba la mpunga mtu anasimama kwenye maji kwa miguu yake, na mara nyingi anayepandikiza miche akiwa ameinama ni mwanamke. Safura na kichocho havisubiri wali uive.

Baada ya bwawa, mwanafunzi ayafuate maji hadi mwisho wake: mfereji, shamba, gunia, soko, jiko. Mwongozo wa 2006 unahesabu kila kituo kama kizuizi chenye uwezo wake. Kuosha mboga kwa maji safi kunahesabiwa kupunguza vimelea mara 10. Umwagiliaji wa matone kwa mazao yaliyo juu ya ardhi unaweza kufika mara 10,000. Siku zinazopita kati ya umwagiliaji wa mwisho na kula hupunguza pia, kulingana na jua na aina ya zao. Ukivikusanya vizuizi hivyo utaona kwamba mtambo wa mamilioni si njia pekee.

Mfano ninaoupenda kuliko yote unatoka Kumasi, Ghana. Bernard Keraita na wenzake walifanya utafiti pamoja na wakulima wa mboga za mjini wanaomwagilia kwa maji yaliyochafuka. Walipima mambo ambayo mkulima mwenyewe anaweza kuyabadilisha: namna ya kuchota maji bila kutibua tope la kisimani, kutumia keni yenye kichujio cha kunyunyizia na kuishika chini ili udongo usirukie majani, na kuacha kumwagilia siku chache kabla ya kuvuna. Hilo la mwisho, wakati wa kiangazi, lilipunguza bakteria wa kinyesi kwenye saladi kwa loga 0.65 kila siku, yaani karibu mara nne na nusu. Lakini walipima pia upande wa mkulima: kila siku ya kuacha kumwagilia ilimgharimu kama tani 1.4 za saladi kwa hekta. Hebu waulize wanafunzi wako wangependekeza siku ngapi. Mtu wa afya atasema nne, mkulima atasema hata moja ni nyingi, na mwanafunzi wa uzamivu ndiye anayepaswa kukaa katikati yao akiwa na namba zote mbili. Maabara peke yake isingeipata ile namba ya pili.

Kuna jambo ambalo hukuliuliza na linanikosesha usingizi kwa niaba yako. Itakuwaje matokeo yakiwa mabaya? Mwanafunzi akikuta minyoo au kromiamu, metali ya viwandani, kwenye mchicha wa watu na akachapisha jina la kitongoji, wanunuzi wanaweza kukimbia kesho yake, na mamlaka nyingine inaweza kuja kufyeka mashamba. Wakulima waliokupa chai na taarifa ndio watakaolipa. Kwa upande mwingine, kunyamaza ni kuwaacha walaji na sumu. Basi makubaliano yaandikwe mwanzoni kabisa, mbele ya mamlaka, chama cha wakulima na chuo: nani ataambiwa kwanza, ndani ya muda gani, ni hatua gani zitajaribiwa kabla ya kufunga mfereji, na jina gani litatajwa kwenye makala. Wakulima waambiwe matokeo kwa Kiswahili, uso kwa uso, kabla hayajasomwa kwenye mkutano wowote wa kitaaluma. Kwa utafiti unaogusa afya za watu kuna kibali cha maadili cha Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu. Kiombe mapema, kwa sababu kinachukua muda wake, na usikione kama karatasi tu. Na wanafunzi wenyewe wavae mabuti na glavu na wapewe dawa za minyoo. Nimewahi kuwaona vijana wakichota majitaka kwa chupa wakiwa na kandambili, na msimamizi amesimama pembeni bila kusema neno.

Nije kwenye hofu yako, yaani muda. Utafiti wa uwandani hauwacheleweshi wanafunzi kwa sababu ni mgumu. Huwachelewesha kwa sababu hupangwa kwa kalenda ya chuo badala ya kalenda ya mvua. Ukikosa masika umekosa mwaka. Kwa hiyo miezi ya kwanza iende kwenye kukesha, kupima tope, kufuata maji na kuzungumza na watu, na yote hayo yawe tayari ni data halali inayoweza kutoa makala ya kwanza. Pendekezo lijengwe juu yake. Kisha mwaka mzima wa kupima misimu yote miwili. Maabara iingie hapo katikati, vifaa vikiwa vimekaa, kwa swali dogo lililokwisha kujulikana. Makala ya kufeli nayo ni makala: bwawa lililopimwa vizuri na kuonekana halifikii hesabu zake ni taarifa ambayo wahandisi wa Kampala, Bujumbura na Kisumu wanaihitaji zaidi ya nyungu mpya ya kuchuja iliyofanya maajabu kwa majitaka ya glukosi.

Na kila mwanafunzi aondoke chuoni. Ulaya wana utaratibu wa kufadhili wanafunzi wa uzamivu kwa mitandao, ambamo kila mmoja hulazimika kuhama na kufanya kazi kwa muda kwenye taasisi au kampuni nyingine. Mmoja wa mitandao hiyo, ANSWER, uliofanya kazi kati ya 2015 na 2019 chini ya uratibu wa Chuo Kikuu cha Cyprus, ulikuwa na watafiti chipukizi 15 wakifuatilia viuavijasumu na vinasaba vya usugu wa bakteria dhidi ya dawa hizo katika majitaka yanayotumika tena. Hatuna fedha zao, lakini tunaweza kuwa na muundo huo. Mwanafunzi wako akae ofisi ya mamlaka miezi mitatu mfululizo, asiwe mgeni wa sampuli bali mtu wa zamu. Azibue chemba na mafundi, asome daftari la malalamiko, aone bajeti inavyokatwa na kwa nini tope halitolewi. Baada ya hapo apelekwe kwa bwana shamba. Ataacha kuandika mapendekezo ambayo hakuna mwenye fungu la kuyalipia.

Ukipata nauli ya safari moja tu ya mbali, mpeleke Windhoek, Namibia. Tangu mwaka 1968 mji huo umekuwa ukirudisha majitaka yaliyosafishwa kuwa maji ya kunywa, na mtambo mpya wa Goreangab wa mwaka 2002 una uwezo wa kutoa mita za ujazo 21,000 kwa siku. Si teknolojia ninayotaka aione, ingawa ozoni, kaboni na chujio za utando zinapendeza. Nataka aone mambo mawili. Kwanza, majitaka ya viwandani hutengwa na ya majumbani tangu mwanzo, kwa sababu kilichoingia na kromiamu hakitaokolewa na chujio lolote la bei nafuu. Kwenu pia ulizeni nani anamwaga nini kwenye mtandao wa mabomba kabla ya kupima bwawa. Pili, maji yasipofikia kiwango hayaendi kwa wananchi, na kuna mtu wa zamu mwenye mamlaka ya kuyazuia. Matumizi ya majitaka yanasimama au kuanguka kwa mtu huyo. Kwenye mfereji wa wakulima wenu, ni nani?

Kuhusu wale watatu, usiwagawie kwa vipimo, mmoja kemia, mmoja vijidudu, mmoja jamii. Ukifanya hivyo hakuna atakayejua yote, na mmoja akikwama wote watakwama. Wagawie kwa maamuzi. Wa kwanza achukue uamuzi wa meneja wa mabwawa: tope litolewe lini, bwawa gani kwanza, na maji yatabadilika kiasi gani kwa fedha hiyo. Wa pili achukue uamuzi wa mkulima wa mpunga: apunguze mbolea ya dukani kwa kiasi gani, maana naitrojeni ikizidi mpunga hurefuka na kulala, chumvi udongoni inakwenda wapi, akijua kwamba mpunga huanza kupoteza mavuno chumvi ya udongo inapopita desisimensi 3 kwa mita (kipimo cha chumvi kwa jinsi udongo unavyopitisha umeme) na maharage hupoteza tangu 1, na miguu yake ailindeje. Wa tatu achukue uamuzi wa mboga, ambao ndio mgumu kuliko yote, kwa sababu unahusisha soko na walaji wasiojulikana. Huyo mpe aliye msikivu zaidi, si mwenye alama za juu zaidi. Kila mmoja apime kemia, vijidudu na watu kwa kadiri uamuzi wake unavyohitaji, na deli la barafu wachangie.

Hao wanaopenda maabara watakuuliza mtahini wa nje atasemaje. Mwalike mapema, mwaka wa pili, aje mabwawani na akae kwenye kikao ambapo meneja na wakulima wanauliza maswali yao. Na siku ya utetezi, mwombe mkuu wa idara amruhusu meneja wa mamlaka aketi ukumbini na aulize swali moja la kwanza. Andika barua kwa mamlaka wiki hii, kabla ya vuli, na ndani yake uombe vitu vitatu: ufunguo wa geti la mabwawa kwa saa zote, daftari za mtiririko za miaka iliyopita, na jina la mtu mmoja atakayepokea matokeo kila mwezi. Ikikubali vyote vitatu, anzeni kukesha.